Anodi au rektifaya? Kuchagua kinga ya kutu kwa nguzo za gati na mabomba ya chini ya bahari

Chuma kilichozama baharini kinaliwa kwa umeme. Palipo na kutu, mkondo mdogo unatoka kwenye chuma kuingia majini, na kila ampea 1 inayotoka hivyo kwa mwaka mzima inaondoka na kilo 9.1 za chuma. Njia mbili tunazolinganisha hapa zinafanya kazi ileile: zinaugeuza mkondo uingie kwenye chuma badala ya kutoka. Zinaachana kwenye chanzo cha mkondo huo, na kutokana na hapo gharama, matengenezo na hatari zake nazo zinaachana.

Njia ya kwanza ni anodi za kafara: vipande vya alumini au zinki vinavyochomelewa kwenye chuma ili viliwe badala yake. Mabaharia wengi huziita "zinki" hata zikiwa za alumini. Njia ya pili ni mkondo wa kusukumwa: rektifaya inachukua umeme wa gridi au jenereta, inaugeuza kuwa mkondo mnyoofu (DC), na kuupeleka majini kupitia anodi za titaniamu ambazo zenyewe haziliki upesi.

Kipimo cha mafanikio ni kimoja kwa zote mbili. Ukipima kwa elektrodi ya rejea (ncha ya kupimia yenye volti inayojulikana) ya fedha na kloridi ya fedha, chuma cha kawaida kisicho na kinga kwenye maji ya bahari husoma kama -0.60 hadi -0.65 V. Kikishuka hadi -0.80 V au chini yake, kimekingwa. Kwenye tope jeusi lenye bakteria wanaotoa harufu ya yai bovu, shusha hadi -0.90 V. Mpaka wa chini ni -1.10 V. Ukiupita, haidrojeni inaanza kuinua rangi na kuingia kwenye vyuma vigumu. Bolti za daraja 12.9 zisiwekwe kabisa chini ya maji kwenye chuma chenye kinga ya namna hii, kwa sababu zinakatika ghafla hata bila mzigo mpya.

Hesabu ya nguzo moja, kabla ya kuzungumza bei

Tuchukue nguzo ya gati yenye kipenyo cha mita 0.8, mita 12 ndani ya maji na mita 15 ndani ya tope. Eneo la majini ni karibu mita za mraba 30.2, na la kwenye tope ni 37.7. Kwa maji ya kitropiki, yanayozidi nyuzi 20 kama yetu ya Bahari ya Hindi, mwongozo wa kinga ya kutu wa shirika la DNV, uitwao DNV-RP-B401, unataka wastani wa ampea 0.070 kwa kila mita ya mraba ya chuma tupu, na 0.020 kwa kilichozikwa. Hiyo ni ampea 2.11 za majini na 0.75 za tope, jumla 2.87. Kwa miaka 20, yaani saa 175,200, inakuwa takriban ampea-saa (ampea mara saa) 503,000 kwa nguzo moja.

Uzito wa anodi unategemea madini uliyochagua:

| | Alumini yenye zinki na indiamu | Zinki | Magnesiamu |
|---|---|---|---|
| Volti kwenye maji ya bahari | -1.05 | -1.00 hadi -1.03 | takriban -1.5 |
| Ampea-saa kwa kilo, majini | 2000 | 780 | takriban 1200 |
| Ampea-saa kwa kilo, kwenye tope | 1500 | 700 | haitumiki |
| Kilo kwa nguzo yetu, miaka 20 | 279 | 716 | haifai, huisha mapema |

Kilo hizo zimezingatia kwamba anodi ndefu iliyosimama mbali na nguzo hutumika asilimia 90 tu. Inayobaki imeshakuwa nyembamba mno kutoa mkondo wa kutosha.

Kwa gati ya nguzo 40, ni tani 11.2 za alumini au tani 28.6 za zinki. Kwa hiyo usilinganishe bei kwa kilo. Muulize muuzaji bei kwa ampea-saa. Zinki inaonekana rahisi dukani, lakini ukishaweka nauli, kreni na saa za wazamiaji wa kuchomelea vipande mara mbili na nusu zaidi, urahisi huo umekwisha.

Zinki bado ina mahali pake. Kwenye tope lenye bakteria wengi, wakati mwingine hupendelewa kuliko alumini. Kinyume chake, zinki isitumike kwenye bomba la moto linalozidi nyuzi 50, maana huanza kuliwa kwa ndani, kwenye mipaka ya chembe zake, na kubomoka.

Ukinunua alumini, dai cheti cha kila mmiminiko. Alumini safi haifai kabisa, kwa kuwa inajifunika utando na kunyamaza. Indiamu ndiyo inayouvunja utando huo, na inatakiwa asilimia 0.015 hadi 0.040 tu, pamoja na zinki asilimia 2.5 hadi 5.75. Kinachoharibu ni uchafu: chuma kisizidi asilimia 0.09 na shaba isizidi 0.003. Anodi iliyomiminwa kwa vyuma chakavu, masufuria na bloki za injini, inapendeza kwa macho na inapimika vizuri kwenye mizani, lakini majini inatoa sehemu ndogo ya ampea-saa ulizolipia. Hakuna fundi anayeweza kuitambua kwa kuiangalia. Cheti cha maabara peke yake ndicho kinachoitambua.

Baada ya uzito, hakiki mkondo, kwa sababu anodi inaweza kuwa nzito na bado isitoe ampea za kutosha siku ya kwanza. Nguzo yetu tupu inataka ampea 5.3 mwanzoni, kabla tabaka la chokaa la bahari halijajijenga juu ya chuma. Anodi ya urefu wa mita 1.5 na unene wa sentimita 16, yenye kilo kama 80, ina ukinzani wa takriban omu 0.07 kwenye maji ya bahari yetu. Nguvu ya kusukuma ni tofauti ya 1.05 na 0.80, yaani volti 0.25. Gawanya, unapata ampea 3.5. Anodi mbili zingetosha kwa mkondo, lakini uzito unadai nne. Chukua nne. Zipange kwa vimo tofauti, zote zikiwa angalau mita 1 chini ya kupwa kwa bamvua na juu ya tope, na ziache sentimita 30 kutoka kwenye ukuta wa nguzo. Ukizibana karibu zaidi ya hapo, ukinzani unapanda na hesabu hii haisimami tena.

Rangi inabadilisha kila namba hapo juu

Watu wengi huuliza "rangi au anodi?" kana kwamba ni lazima kuacha kimoja. Rangi huamua utanunua anodi ngapi. Nguzo ileile ikipakwa epoksi ya makoti mawili, jumla ya maikroni 300 au zaidi, rangi inachukuliwa kuwa imeharibika asilimia 2 mwanzoni, kisha inaongezeka asilimia 1.2 kila mwaka kwa kina kisichozidi mita 30. Wastani wa miaka 20 ni asilimia 14. Mahitaji ya majini yanashuka kutoka ampea 2.11 hadi 0.30, na alumini ya nguzo nzima kutoka kilo 279 hadi 102. Sehemu kubwa ya hiyo iliyobaki inakwenda kulisha chuma cha ndani ya tope ambacho hakikupakwa.

Lakini hayo ni ya rangi iliyopakwa sawasawa: chuma kimepulizwa mchanga mpaka daraja la usafi la Sa 2½ (karibu cheupe kabisa), chumvi iliyobaki juu yake haizidi miligramu 20 kwa mita ya mraba, na joto la chuma liko nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji). Pwani, sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi. Asubuhi chuma kinaonekana kikavu lakini kina utando wa unyevu usioonekana, na rangi inayopakwa saa moja asubuhi huja kubanduka kwa mapande. Kwa nguzo ambazo zimeshasimama majini, usihangaike kupaka sehemu ya chini ya maji. Fedha hizo zinunue anodi.

Rektifaya: nguvu nyingi, uangalizi mwingi

Kwa gati yetu ya nguzo 40 tupu, mkondo wa mwanzo ni kama ampea 211, kisha unatulia kwenye wastani wa 115. Rektifaya ya ampea 250 na volti 16 inatosha, na hata ikisukuma mpaka mwisho inakula kilowati 4 za upande wa kutoka. Badala ya tani 11 za alumini, unahitaji anodi kama 10 za titaniamu zenye oksidi mchanganyiko, kila moja ikitoa ampea 25. Titaniamu ya namna hiyo inahimili takriban ampea 600 kwa mita ya mraba baharini, kwa hiyo eneo linalohitajika kwa anodi moja ni dogo kuliko ukurasa wa A4. Ukiweka namba hizo mezani, mtu yeyote wa manunuzi atachagua rektifaya.

Tatizo liko kwenye nyaya na kwenye watu. Anodi inazalisha klorini pale inapofanya kazi, na klorini inakula ganda la kawaida la waya. Lazima waya wa anodi uwe na ganda la ndani la plastiki ya PVDF. Mchubuko mdogo kwenye waya wa chanya ukigusa maji, shaba iliyo wazi inageuka anodi na kuyeyuka ndani ya siku chache, na anodi nzima iliyokuwa inalishwa nao inakufa. Nanga, kamba za mashua, mawimbi yanayosugua waya kwenye ukingo wa zege, na wezi wa shaba vyote vinaelekea mahali palepale: kipande cha waya kati ya gati na maji. Kipitishe kwenye bomba gumu lililofungwa kila mita moja, upande wa ndani wa nguzo ambao mashua hazifiki.

Kuna pia suala la mwendelezo. Kila nguzo ambayo haikuunganishwa na ncha ya hasi haikingwi, tena inaweza kudhurika: mkondo unaingia juu yake mahali pamoja na kutoka pengine, na pale unapotoka unachimba shimo. Nondo za zege la juu si kiungo cha kutegemea. Chomelea upau wa chuma wa milimita 16 au zaidi kutoka nguzo hadi nguzo na upime kila kiungo kisizidi omu 0.1. Anodi za kafara zilizochomelewa kwenye kila nguzo hazina shida hii, kwa kuwa kila nguzo inabeba kinga yake.

Kosa kubwa kuliko yote ni kugeuza ncha. Hasi ya rektifaya inaunganishwa na chuma cha gati, chanya inaunganishwa na anodi. Fundi wa umeme aliyezoea magari, ambako hasi ni "ardhi", hupata sawa kwa bahati. Aliyezoea mifumo mingine anaweza kukosea, na rektifaya haitalalamika. Ampea 200 zikigeuzwa kwa mwezi mmoja huyeyusha takriban kilo 150 za chuma, na haziyeyushi kwa usawa. Kabla ya kuondoka siku ya kuwasha, pima nguzo: ikiwa usomaji unapanda kuelekea -0.50 badala ya kushuka kuelekea -0.80, zima papo hapo.

Umeme ukikatika kwa saa chache, usihofu. Tabaka la chokaa linashikilia hali kwa muda. Ukikatika kwa wiki, au rektifaya ikikaa imezimwa kwa sababu fyuzi ya bei ndogo haijanunuliwa, gati imerudi kuwa chuma tupu. Rektifaya iliyozimika haitoi moshi wala kelele. Kwa hiyo swali la kweli la kuchagua ni hili: yupo mtu, kwa jina na kwa cheo, atakayesoma volti na ampea kila mwezi na kuziandika kwenye daftari, na mwenye mamlaka ya kununua fyuzi? Kama hayupo, chukua anodi za kafara hata kama karatasi zinaonyesha rektifaya ni nafuu. Kama yupo, na gati ni kubwa, chuma ni kitupu na umeme uko karibu, rektifaya ndiyo chaguo zuri, hasa kwa gati kongwe ambazo hazina nafasi ya kuchomelea tani za alumini.

Mabomba: hapa mjadala ni mfupi

Bomba la gesi la Songo Songo hadi Somanga, lililoanza kazi mwaka 2004, ni la inchi 12 na lina kilomita 25 chini ya bahari. Tuchukue bomba lolote la ukubwa huo. Uso wake ni karibu mita za mraba 25,400. Likiwa limevikwa polithini ya tabaka tatu kiwandani na viungio vyake kufunikwa vizuri, tukadirie kwa tahadhari kwamba asilimia 1 ndiyo iliyo wazi. Kwa ampea 0.050 kwa mita ya mraba, bomba lote linataka ampea 12.7. Kilomita 25 za bomba lililovikwa zinakula mkondo sawa na nguzo nne au tano tupu za gati yetu.

Kwa mkondo mdogo hivyo, anodi za bangili zinashinda bila ubishi: nusu mbili za alumini zinazolikumbatia bomba, moja kila baada ya vipande 24 vya bomba vya mita 12.2, yaani kila mita 293. Zinahitajika 86. Kwa miaka 30, na bangili ikitumika asilimia 80, jumla ni kilo 2,086, kama kilo 24 kila moja. Mara nyingi huwekwa nzito zaidi, kwa sababu unene wake hulinganishwa na zege la uzito lililolizunguka bomba, ili bangili isinase kwenye roli za meli ya kulaza. Kila nusu iwe na waya wake wa kuunganishwa na bomba, na usitegemee mguso. Angalia pia kwamba zege halijafunika uso wa nje wa bangili na kwamba nyavu za chuma za ndani ya zege hazigusi bangili wala bomba. Zikigusa, anodi inalisha nyavu badala ya bomba.

Panapo bomba la nchi kavu linalokingwa kwa rektifaya, weka kiungo cha kuhami pale linapotokea ufukweni. Bila hicho, rektifaya ya nchi kavu inajaribu kulikinga bomba la baharini, bangili nazo zinajaribu kulisha la nchi kavu, na zote zinachakaa kabla ya muda.

Pale ambapo hakuna njia inayofika

Anodi na rektifaya zote zinahitaji maji ili kupitisha mkondo. Juu ya maji hazina kazi. Dar es Salaam na Mombasa, bamvua linapandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo kuna mshipi wa chuma unaoloa na kukauka mara mbili kwa siku, na juu yake mshipi wa mawimbi. Hapo ni rangi tu: epoksi yenye vigae vya kioo, maikroni 500 hadi 1000, kuanzia chini ya dari la gati mpaka mita 1 chini ya kupwa kwa bamvua. Kwa nguzo kongwe, mkanda wa mafuta mazito ya petrolatamu uliovikwa gamba gumu la plastiki unafaa zaidi, kwa kuwa unapakwa hata kwenye chuma chenye unyevu.

Wakati wa bamvua, maji yakipwa kabisa, shuka na mashua uangalie ule mstari wa chini. Ukiona mabaka ya rangi ya machungwa, laini kama uji mzito, yakwangue. Chini yake pana utelezi mweusi unaonuka yai bovu, na chini ya utelezi chuma kinang'aa kama kimepigwa msasa leo, kikiwa na vishimo. Huo ni ulaji wa bakteria wa maji ya kupwa, na unaweza kula milimita moja kwa mwaka au zaidi. Pima unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti siku hiyohiyo. Kinga yenye usomaji wa -0.90 V kwa kawaida huusimamisha, na ndiyo sababu nzuri ya kuongeza anodi za juu kwenye nguzo ambazo tayari zina za chini.

Ziwani mambo yanageuka

Maji ya Ziwa Victoria yana ukinzani mara 500 hivi wa maji ya bahari. Anodi ileile iliyotoa ampea 3.5 baharini ingekuwa na omu 35 huko Mwanza au Kisumu. Alumini inajifunika utando na kulala kabisa. Hata magnesiamu, yenye volti 0.7 za ziada, ingetoa milliampea 20 tu. Nguzo tupu ya mita za mraba 30 ikihitaji ampea 0.9, ungetaka anodi 45 kwa nguzo moja. Ipake rangi nzuri mpaka ibaki asilimia 5 wazi, na magnesiamu tatu zinatosha. Kama haipakiki, rektifaya ya volti za juu ndiyo njia pekee iliyobaki, na anodi zake zisambazwe nyingi ndogo badala ya chache kubwa.

Kupima, njia yoyote uliyochagua

Multimita iwe na ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Loweka elektrodi ya rejea kwenye ndoo ya maji ya bahari kwa nusu saa, kisha iangalie kwa kipande cha zinki safi kwenye ndoo hiyohiyo: isome karibu -1.03 V. Ikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.02, usiitumie. Waya wa elektrodi uende kwenye tundu la COM, waya wa chuma uende kwenye chanya, na mguso wa chuma uwe kwenye sehemu iliyokwanguliwa mpaka ing'ae. Shusha elektrodi karibu na nguzo, soma kila mita hadi kwenye tope, na usisahau katikati ya anodi mbili, maana ndipo usomaji unapokuwa dhaifu zaidi. Kwa rektifaya, izime na usome ndani ya sekunde ya kwanza. Usomaji ikiwa imewashwa unadanganya kwa upande unaopendeza.

Anodi ya kafara ambayo baada ya miaka mitano haijapungua hata kidogo ina tatizo. Mara nyingi imepakwa rangi pamoja na nguzo, au mguu wake umebanwa kwa skrubu badala ya kuchomelewa na skrubu zimelegea. Zamia, kwangua uso wake, na upime volti kati ya anodi na nguzo moja kwa moja: ikiwa inaonekana hata volti 0.1, hazijaungana.